Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mshtakiwa Asiyepandishwa Kizimbani

Msomaji, ukivuka Likoni na kushika barabara iendayo Lunga Lunga, utaipita Ukunda na njia panda ya Diani, na kabla hujafika Msambweni utaona njia ndogo ikikata kushoto kuelekea baharini. Hiyo ndiyo njia ya Gazi. Leo wageni huenda huko kutazama mikoko na kununua samaki. Wachache huuliza habari za jumba la kale ambalo miaka mingi baada ya mwenyewe kuondoka lilipata kutumiwa kama shule. Mwenyewe alikuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui.

Nilikulia Msambweni nikisikia jina hilo kwa sauti mbili. Babu yangu alipolitaja aliketi wima, kana kwamba mwenyewe anaingia barazani. Nyanya yangu, ambaye watu wake walikuwa Wadigo wa upande wa milimani, alilisikia akanyamaza, akaendelea kusuka ukili wake. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba kunyamaza kwake nako kulikuwa ushahidi.

Katika makala haya nataka kumweka Sheikh Mbaruk mbele ya sheria, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya alipokuwa hai. Aliitwa mwasi, mnyang'anyi na mwizi wa watu, lakini hakusomewa shtaka, hakuletewa shahidi, wala hakuhukumiwa.

MTOTO WA MFUNGWA

Tuanze na baba yake. Kwa muda wa karibu miaka 100 Wamazrui walitawala Mombasa wakikaa Ngome ya Yesu, na liwali wao wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim, baba wa Mbaruk. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliutwaa mji kwa mapatano. Baada ya muda mfupi wakuu wa Kimazrui, zaidi ya ishirini, walikamatwa kwa hila, wakatiwa jahazini na kupelekwa gerezani Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Hakuna aliyerudi.

Hapakuwa na kadhi wala baraza la kusikiliza kesi. Hilo ndilo somo la kwanza la sheria alilopewa mtoto Mbaruk, kwamba mwenye nguvu hukamata kwanza, na sababu hutafutwa baadaye au isitafutwe kabisa. Wamazrui waliosalia wakagawanyika, wengine wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, wengine wakashuka kusini hadi Gazi. Huko Gazi ndiko Mbaruk alikokuwa mkuu.

SHERIA TATU KATIKA NCHI MOJA

Yafaa tukumbuke kuwa pwani ya kusini enzi hizo haikuwa nchi isiyo na sheria. Zilikuwapo sheria mbili, na ya tatu ilikuwa njiani.

Ya kwanza ni sheria ya kaya. Wazee wa Kidigo waliamua mambo ya wizi, uzinzi, uchawi na mauaji. Upelelezi wao ulikuwa mashahidi, na ushahidi ulipokosekana, kiapo walichokiita kirapho. Wamisionari waliokaa miongoni mwa Wamijikenda karne ya 19 waliandika habari za shoka lililotiwa motoni likapitishwa juu ya kiganja cha mtuhumiwa, na za jiwe lililotolewa kwa mkono katika chungu cha maji yanayochemka. Aliyeungua alihesabiwa kuwa na hatia. Adhabu kubwa haikuwa kufungwa, maana hapakuwa na jela. Ilikuwa faini na fidia, na ukoo wa muuaji ulilipa ukoo wa marehemu.

Ya pili ni sheria ya Kiislamu, iliyosimamiwa na makadhi katika miji ya pwani. Humo makosa yana mafungu yake. Yako yenye adhabu iliyokwisha kuwekwa, kama wizi na unyang'anyi wa njiani. Yako ya damu, ambayo jamaa wa marehemu waweza kudai kisasi, kupokea dia, au kusamehe. Na yako yaliyoachiwa busara ya hakimu. Wanazuoni walimtenga pia mwasi mwenye hoja na mnyang'anyi wa kawaida. Mwasi mwenye hoja huulizwa kwanza dai lake, hapigwi vita kabla ya kusikilizwa, na mali yake haigeuzwi ngawira.

Mbaruk alikuwa na dai. Mji wa baba yake ulichukuliwa, na baba yake akapotea. Mara kwa mara, katika enzi ya Sayyid Majid na ya Sayyid Barghash, alinyanyua silaha. Mwaka 1882 watu wake waliishambulia Vanga, na Barghash akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Unguja, kwenda kuibomoa boma yake ya Mwele katika vilima vya Shimba. Mbaruk akatoroka. Lakini kila mara, baada ya moshi kutulia, alirudi kwa mapatano. Baadaye Kampuni ya Waingereza ilipoingia pwani mwaka 1888, nayo iliona heri kumlipa posho kuliko kumpiga vita.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Hapa babu yangu angenikatiza, lakini ukweli hauna budi kusemwa. Mwenye kudai haki ya baba yake hakuwapa watoto wa wenzake haki hiyo. Mbaruk alikuwa na watumwa wengi, na watu wake walijulikana kwa kuteka watu vijijini. Barghash alikwisha kukubali mwaka 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara ya nchi kavu. Kwa hiyo, hata kwa sheria ya Sultani, hilo lilikuwa kosa. Nani angelichunguza? Mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa mahali.

Na yasimuliwa kwamba katika jumba lile la Gazi alikuwa na namna yake ya kuwatesa wafungwa. Waliwekwa katika chumba kilichofungwa, na ndani yake ikachomwa pilipili. Hayo ni masimulizi, si hukumu. Walakini masimulizi yaliyodumu zaidi ya miaka 100 katika kijiji cha mtu mwenyewe hayapuuzwi. Kiapo cha shoka kilikuwa kikali, lakini kilifanywa hadharani mbele ya wazee. Moshi wa pilipili hauna shahidi.

VITA VYA 1895

Mapema mwaka 1895 Sheikh Salim bin Khamis wa Takaungu akafa. Kampuni ikamweka Rashid bin Salim, mtu iliyempenda, ikamwacha jamaa yake aliyekuwa mkubwa kwa umri, naye jina lake lilikuwa Mbaruk vilevile. Huyo wa Takaungu akaasi, akashindwa, akakimbilia kwa jamaa yake wa Gazi.

Mbaruk wetu, aliyekuwa sasa mzee, mwanzoni alionyesha kuwa upande wa Serikali. Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza, alimtaka awatoe wakimbizi. Kwa sheria ya Hardinge, kumhifadhi mwasi ni kosa. Kwa ada ya pwani, kumtoa jamaa aliyeingia mlangoni mwako akiomba hifadhi ni aibu isiyofutika. Mzee akachagua ada. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ikaondoka na Serikali ya Uingereza ikashika nchi, na mwezi huohuo majeshi yake yakaingia Gazi. Tarehe 17 Agosti Admirali Rawson akaiteka Mwele. Waingereza walilichora jina la Mwele kwenye ukingo wa nishani za askari wao.

Vita havikuisha hapo. Viliendelea porini kwa miezi, hata wakaletwa askari kutoka Bara Hindi waliofika Machi 1896. Vijiji vilichomwa na pande zote mbili. Mkulima aliyempa mwasi chakula alihesabiwa mwasi, na aliyemnyima alihesabiwa adui. Hakuna aliyepeleleza ni nani alitoa kwa hiari na nani alitoa kwa hofu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na wengi waliokuwa nyasi ni watu wa nyanya yangu.

MWISHO WA MZEE

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akaingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, pamoja na wafuasi zaidi ya elfu moja, wakiwamo watumwa na watoro, akasalimisha silaha kwa Gavana Wissmann. Akakaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910, mbali na Gazi. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Nyuma yake sheria ya tatu ikajenga nyumba yake. Mwaka 1897 Waingereza walileta sheria ya jinai ya Bara Hindi, yenye polisi, hati ya mashtaka, mashahidi na hakimu, huku maliwali na makadhi wakiachiwa sehemu yao. Na Ngome ya Yesu, ambamo baba yake Mbaruk alitawala, iligeuzwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Waliofungwa humo angalau waliandikiwa makosa yao. Rashid bin Salim na wenzake hawakuandikiwa, wala wanakijiji waliochomewa nyumba mwaka 1895.

Je, Mbaruk alikuwa mhalifu? Mimi si hakimu, lakini nitasema ninavyoona. Katika shtaka la uasi alikuwa na hoja, na alistahili kusikilizwa. Katika shtaka la kuteka watu sioni hoja yoyote, na angestahili kuhukumiwa. Wajukuu zake na wajukuu wa waliotekwa wamekosa yote mawili, ndiyo maana hadi leo jina lake lina sauti mbili.

Vijana wetu hulalamika kwamba mahakama huchelewa, na kweli huchelewa. Lakini nikipita njia ya Gazi huwakumbuka babu na nyanya yangu, walioishi nyumba moja bila kuafikiana juu ya mtu mmoja. Kesi ikisikilizwa, hata wanaoshindwa hujua ni kwa nini wameshindwa. Isiposikilizwa, watu hurithishana kinyongo na ukimya.