Leland Clark: Mwanasayansi aliyewawezesha madaktari kupima oksijeni ndani ya ubongo

Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kwenye chumba cha upasuaji hawezi kusema kwamba anakosa hewa. Ubongo wake ukikosa oksijeni, dakika chache tu zinatosha kumletea madhara yasiyopona.

Kwa miaka mingi madaktari walitegemea macho yao: rangi ya midomo, ya kucha na ya damu yenyewe. Dalili hizo huchelewa, na mara nyingine zilipoonekana, mgonjwa alikuwa ameshaharibika.

Miongoni mwa waliobadilisha hali hiyo ni Leland Clark, mwanakemia wa Marekani aliyefariki dunia Septemba 25, 2005, akiwa na umri wa miaka 86.

Makala iliyokataliwa

Clark alizaliwa Desemba 4, 1918 katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Alisomea kemia katika Chuo cha Antioch, Ohio, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1944.

Baada ya hapo alirudi Ohio, kwenye mji mdogo wa Yellow Springs, akafanya kazi katika Taasisi ya Utafiti ya Fels. Huko alitengeneza mashine ya kuitia damu oksijeni nje ya mwili kwa kutumia mapovu, ili moyo na mapafu vipumzike wakati wa upasuaji.

Mashine ilifanya kazi, lakini makala yake moja ilikataliwa kuchapishwa. Sababu ilikuwa ya haki: hakuweza kuonyesha ni oksijeni kiasi gani iliyokuwamo katika damu inayorudi mwilini.

Karatasi nyembamba ya plastiki

Wakati huo ilikwishajulikana kwamba waya wa platinamu ukipewa umeme mdogo ndani ya maji hupima oksijeni. Oksijeni inapogusa platinamu hupokea elektroni, na umeme unaopita huongezeka kadiri oksijeni inavyokuwa nyingi.

Tatizo lilikuwa damu. Protini na chembe za damu ziliganda juu ya waya na kuharibu kipimo.

Clark aliufunika waya huo kwa karatasi nyembamba ya selofeni. Kisha, Oktoba 1954, akaweka platinamu na fedha pamoja nyuma ya utando mmoja wa plastiki. Utando huo uliruhusu oksijeni kupita na kuzuia damu. Mwaka 1956 alikitangaza kifaa hicho mbele ya wanasayansi wenzake, na hadi leo kinaitwa elektrodi ya Clark.

Ndani ya ubongo

Clark hakuishia kwenye damu. Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa elektrodi zilizopandikizwa katika miili ya wanyama na kuachwa humo kwa muda mrefu, ukiwemo ubongo.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Damu inaweza kuwa na oksijeni ya kutosha, lakini shinikizo la damu likishuka au ubongo ukivimba, oksijeni hiyo haifiki inakohitajika.

Leo, katika hospitali kubwa, madaktari hupitisha uzi mwembamba wenye elektrodi ya aina hiyo kupitia tundu dogo kwenye fuvu la mgonjwa aliyeumia kichwa. Kipimo kikishuka chini ya takriban milimita 20 za zebaki, huchukuliwa kuwa onyo.

Mwaka 1962, akiwa Birmingham, Alabama, Clark na daktari wa upasuaji Champ Lyons waliongeza kimeng'enya juu ya elektrodi ili kupima sukari katika damu. Wazo hilo ndilo chimbuko la vipimo vinavyotumiwa sasa na wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1966 yeye na Frank Gollan walionyesha kwamba panya anaweza kupumua akiwa amezamishwa ndani ya kimiminika chenye oksijeni nyingi.

Dhahabu na kidole

Baadhi ya elektrodi za ubongo za leo hutumia dhahabu mahali pa platinamu. Ni madini yale yale yanayochimbwa Salamabila na Namoya, wilayani Kabambare, katika jimbo la Maniema, mashariki mwa Congo.

Hata hivyo, vifaa hivyo hupatikana zaidi katika nchi tajiri. Katika hospitali ndogo, msaada wa karibu ni kile kibanio cha kidoleni, ambacho hutumia mwanga na si elektrodi. Hicho husoma oksijeni ya damu kidoleni tu. Hakisemi kama imefika kwenye ubongo. Ndiyo maana anayemlaza mgonjwa bado anapaswa kufuatilia shinikizo la damu na pumzi yake, dakika kwa dakika.

Clark alistaafu mwaka 1991 akiwa Cincinnati. Mwaka 2005, miezi michache kabla ya kifo chake, alitunukiwa Tuzo ya Russ, mojawapo ya heshima kubwa za uhandisi nchini Marekani.