Kabaka Aliyekimbilia Bukumbi



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia kwisha, huku kwetu Mgololo watu huja kutoka mashamba ya mipaini na kutoka nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, wakapanga mstari mbele ya kiti cha kitubio. Mstari huo huwa mrefu, na padre humshukuru Mungu. Lakini kila padre ajua pia kwamba wako wengine wasimamao mbali, penye kivuli cha miti, nao hawasogei. Si kwamba hawaamini. Ukiwauliza kwa upole utasikia kwamba wanaona ya kwao yamepita kiasi. Kwa ajili ya hao nataka leo kusimulia maisha ya mtu ambaye humkumbuka kila tarehe 3 Juni, lakini kwa ubaya tu: Mwanga, Kabaka wa Buganda.

Katika Kiswahili neno mwanga lina maana mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi, yaani nuru, na tena mchawi atembeaye usiku. Hatuwezi kujenga lolote juu ya hayo, maana jina la Kabaka ni la lugha nyingine. Hata hivyo mtoto mmoja wa mafundisho aliniuliza siku moja ni mwanga upi, nami nikakosa jibu la haraka.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868, mwana wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Baba yake alipofariki Oktoba 1884, kijana huyu akaketi katika kiti cha enzi kabla hajatimiza miaka 20. Wamisionari hawakuwa wageni kwake. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, na Mwanga alipokuwa bado mwana wa mfalme tu alimjua Padre Siméon Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapeera. Mapadre walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882, wakakaa kusini ya Ziwa Nyanza. Mwanga mwenyewe ndiye aliyewaita warudi, nao wakarudi mwaka 1885 wakiwa na matumaini makubwa.

Matumaini hayo hayakudumu. Kabaka mpya alizungukwa na wazee wa baraza walioogopa dini ngeni, na yeye mwenyewe aliogopa Wazungu waliokuwa wakinyakua pwani. Zaidi ya hayo, aliona vijana wa ikulu waliobatizwa wakimkatalia matakwa yake maovu juu ya miili yao. Mfalme aliyelelewa kuamini kwamba neno lake halina mpinzani chini ya jua, sasa anapingwa na watoto wanaombebea maji! Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba 29 mwaka huohuo Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu na mtumishi aliyependwa na Kabaka, alithubutu kumwambia bwana wake kwamba kumwua mgeni huyo lilikuwa kosa. Kwa neno hilo akahukumiwa, na tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Masimulizi ya wazee wa Buganda yasema kwamba kabla ya kufa alimtuma mwuaji wake ampelekee Kabaka ujumbe: kwamba amemhukumu bila haki, kwamba anamsamehe kwa moyo wote, lakini kwamba asipotubu atakutana naye mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu. Mwanga aliposikia, akaamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na majivu ya Yosefu, ili huko mbele ya Mungu pasijulikane nani anamshitaki nani.

Tusimame kidogo hapa, ndugu msomaji. Mimi nimeyasoma mambo ya Mashahidi mara nyingi tangu seminari, na kwa muda mrefu niliona jambo hili la majivu kuwa ujinga wa mpagani tu. Siku hizi siwezi kulicheka. Mtu asiyejali Mungu hachanganyi majivu. Anayechanganya majivu ni yule ambaye dhamiri yake imekwisha kumwambia ukweli, naye anatafuta njia ya kupitia pembeni. Na sisi tunayachanganya ya kwetu kwa namna nyingine: twasema wote hufanya hivyo, twasema walianza wao, mpaka kosa la mtu mmoja halionekani tena lilipo.

Yaliyofuata yajulikana kote. Mei 1886 hasira ya Kabaka ikawaka. Denis Ssebuggwawo akachomwa mkuki kwa sababu ya kumfundisha mwenzake dini. Usiku huo Karoli Lwanga akawabatiza wakatekumeni aliokuwa nao, na Kizito, kijana wa miaka 14 hivi, akiwa miongoni mwao. Padre Lourdel alikuwa ikuluni siku walipohukumiwa. Akawaona wakipelekwa wamefungwa kamba, asiruhusiwe kuwasogelea. Tarehe 3 Juni moto ukawashwa Namugongo. Kwa jumla Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 huhesabiwa kuwa Mashahidi wa miaka ile.

Lakini wako wengine walioumizwa siku zile wasife, na majina yao hayamo katika litania. Mmoja ni Honorat Nyonyintono, Mkristo Mkatoliki wa ikulu, ambaye kwa amri ya Mwanga alihasiwa. Akapona, akaishi. Mlishike jina hilo.

Mwaka 1888 Mwanga aliazimia kuwaondoa wote waliofuata dini mpya, Wakristo na Waislamu pamoja. Shauri likajulikana, wote wakaungana, na Septemba mwaka ule wakamwondoa katika kiti chake. Akakimbia kwa mitumbwi kuvuka Nyanza. Akafikia kwanza Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walimtendea vibaya. Huku nyuma Buganda nako mambo yakageuka. Mwezi wa Oktoba Wakristo wakafukuzwa, mapadre nao wakafukuzwa pamoja nao, wakavuka ziwa wakiwa hawana kitu, wakaja katika misioni yao ya Bukumbi, karibu na Mwanza, iliyoanzishwa mwaka 1883.

Na huko Bukumbi, mwishoni mwa mwaka uleule, ndiko Mwanga alikokwenda kubisha hodi.

Fikirini wenyewe jinsi ilivyokuwa. Ndani ya nyumba yumo Askofu Livinhac, ambaye kundi lake lilichomwa moto. Yumo Padre Lourdel, aliyewafundisha watoto wale mmoja mmoja, akawatazama wakipelekwa kufa. Nje amesimama yule aliyetoa amri, hana kiti, hana jeshi, hana mali. Wangaliweza kumpa chakula na kumwambia aendelee na safari. Wangaliweza kumwacha mikononi mwa waliomdhulumu Magu, na nani angaliwalaumu? Walimpokea. Akakaa kwao miezi kadhaa, akalindwa, akasikiliza mafundisho ya dini ambayo kwa ajili yake alikuwa ameua.

Wako watakaosema kwamba Mwanga hakuja kwa kutubu, ila kwa shida. Nami nasema ni kweli, alikuja kwa shida. Lakini yule mwana mpotevu wa Injili alianza kufikiri nyumba ya baba yake kwa sababu gani, kama si njaa? Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulifundisha kwamba hata majuto yasiyo kamili, yale yatokayo katika hofu ya adhabu, ni zawadi ya Mungu, nayo humwandaa mtu kuipokea neema katika sakramenti. Mwanga alikuwa bado hajabatizwa, kwa hiyo sisemi habari ya kitubio chake. Nasema juu ya mlango tu. Mlango haukumwuliza kwanza kama amekuja kwa sababu nzuri.

Wakristo waliofukuzwa walikuwa wamekimbilia Ankole, na kiongozi wao alikuwa Honorat Nyonyintono. Walipotafuta mfalme wa kurudi naye, walikubaliana kumrudisha Mwanga. Sitaki kuficha kwamba siasa ilikuwamo: Buganda bila Kabaka haikuwezekana, na huyu alikuwa wa ukoo wa enzi. Hata hivyo Nyonyintono aliubeba mwilini mwake, kila siku ya maisha yake, uovu aliotendewa na mtu huyo. Akashika silaha kumrudishia kiti chake, akafa vitani mwaka 1889 kabla ya kuuona ushindi. Apolo Kagwa, Mwanglikana, ambaye naye alipigwa na kujeruhiwa katika ghadhabu ya mwaka 1886, akawa Katikiro baada yake. Oktoba 1889 Mwanga aliingia tena katika mji wake, akaondoshwa, na mwanzo wa mwaka 1890 akarudi kabisa.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo alikuwa mtu mpya. Haikuwa hivyo. Hakubatizwa, maana hakuacha wake zake wengi wala mazoea yake. Padre Lourdel alifariki tarehe 12 Mei 1890, akiwa na miaka 36, asiuone ubatizo wa mgeni wake wa Bukumbi. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, ambamo Wakristo waliochomwa pamoja walipigana wao kwa wao (aibu ambayo hatuisemi mara nyingi), Mwanga alikimbia pamoja na Wakatoliki, kisha akarudi upande wa Waanglikana. Julai 1897 akawaasi Waingereza, akashindwa, akaingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, akawekwa Mwanza, akatoroka. Tarehe 9 Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, adui wa zamani wa ukoo wake, wakapelekwa visiwa vya Shelisheli.

Huko, mbali na Nyanza, Mwanga aliomba ubatizo, akabatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli. Baadhi ya Wakatoliki husimulia jambo hili kwa sauti ya chini, kana kwamba tumeibiwa kitu. Kwa nini? Ubatizo uliotolewa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu ni ubatizo wa kweli, na Kanisa letu hufundisha kwamba ubatizo kama huo haurudiwi. Tena ubatizo hufuta dhambi zote zilizotangulia, bila kubakiza hata moja. Tukiamini hayo kwa Kizito, aliyebatizwa usiku akafa baada ya siku chache, imetupasa kuyaamini kwa Danieli pia.

Akafa uhamishoni tarehe 8 Mei 1903, mwenye miaka 35 tu. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa Buganda, akazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, pamoja na baba yake Mutesa. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 akaenda Uganda mwenyewe. Mahujaji wa Tanzania waendao Namugongo kila Juni hufika Kampala, nako Kasubi kumo mjini humo. Sijasikia bado kundi lililopita huko kusali.

Katika parokia zetu nyingi wako akina Karoli, Kizito, Matiya na Denis. Mwaka huu, katika Misa ya tarehe 3 Juni, nikifika mahali pa kuwaombea marehemu, nitamtaja Danieli Mwanga kwa jina. Namwomba pia atakayesimama penye kivuli cha miti siku hiyo asogee karibu kidogo, aitikie pamoja nasi.