Alexis Kagame na Wazee Waliobeba Vitabu Vifuani

Mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya msikiti wa Al-Fatah kujengwa Nyamirambo, alizaliwa Kiyanza, kwenye vilima vya kaskazini mwa Kigali, mtoto ambaye baadaye wasomi wa dunia walimjua kwa jina la Alexis Kagame. Alikuja kuwa padri wa Kanisa Katoliki, na ndugu msomaji ana haki ya kuuliza padri anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiislamu. Tunamleta kwa sababu ya elimu. Hakuna Mnyarwanda aliyefanya kazi kubwa kuliko yake katika kukusanya lugha, mashairi na historia ya Rwanda ya kale, na sisi tunaosoma katika nchi hii tunakunywa maji ya kisima alichokichimba, tukijua au tusijue.

Ukoo wake ulikuwa karibu na baraza la mwami, miongoni mwa watu walioitwa abiru. Hao ndio waliokuwa wakitunza ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme: jinsi ya kumtawaza mfalme, jinsi ya kumzika, nini kifanyike mvua ikikatika au ng'ombe wakipatwa na maradhi. Hakuna herufi hata moja iliyoandikwa. Yote yalikuwa vifuani. Mwiru alihifadhi sehemu yake neno kwa neno na kumrithisha mwanawe. Kulikuwa na wengine pia: abacurabwenge waliohifadhi nasaba za wafalme na mama zao, na abasizi, washairi wa ikulu, waliotunga na kuhifadhi mashairi marefu yaitwayo ibisigo. Bila kulinganisha Neno la Mwenyezi Mungu na maneno ya wanadamu, aliyepita madrasa ya kuhifadhi anaweza kuelewa haraka kuliko wengine jambo hili lilivyowezekana. Tunajua kwa uzoefu kwamba kifua cha mtu hubeba kitabu kizima.

Kalamu ilikuja baadaye, na hapa kuna jambo dogo linalotuhusu. Kinyarwanda kinaiita kalamu ikaramu, na kitabu kinakiita igitabo. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, yakapita pwani kwa Waswahili, yakapanda na misafara hadi kwenye maziwa makuu. Kwa hiyo padri wetu alipokaa kuandika mambo ya wafalme wa Nyanza, alishika mkononi kitu ambacho jina lake lilipandishwa huku na wafanyabiashara wa Kiislamu.

Alisoma katika seminari ya Kabgayi kuanzia mwaka 1929, kisha seminari kuu, na akapewa upadri mwaka 1941. Seminari za wakati ule zilikuwa shule za Kilatini. Kijana wa Kinyarwanda alifundishwa sarufi ya Waroma na falsafa ya Aristoto kama ilivyopangwa na Thomas Aquinas, ambaye naye, tusisahau, alimsoma Aristoto huku pembeni yake kukiwa na Ibn Sina na Ibn Rushd. Wenzake wengi walitoka huko na Kilatini chao wakaenda parokiani. Kagame alitoka na swali. Ikiwa mashairi ya watu waliokufa zamani katika nchi ya mbali yanastahili kusomwa mstari kwa mstari, kwa maelezo ya kila neno gumu, kwa nini ya Rwanda yaachwe yafe na wenyewe?

Mwaka 1936, akiwa bado mwanafunzi wa seminari, alianza kukusanya. Wakati ulikuwa mbaya. Mwami Yuhi Musinga alikuwa ameondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, desturi za ikulu zilikuwa zinabomoka, na vijana wa koo za washairi walikuwa wanakwenda shule badala ya kukaa miguuni mwa baba zao. Mzee akifa, anaondoka na mashairi yake. Bahati ya Kagame ilikuwa kwamba mwami mpya, Mutara III Rudahigwa, alimpenda na kumfungulia milango. Wazee walisoma, yeye akaandika. Hata abiru, waliokuwa wamekula kiapo cha kutotoa siri, mwishowe walizungumza mbele yake kwa idhini ya mfalme.

Msomaji wa historia ya Kiarabu ataona hapa sura anayoijua. Katika karne ya 2 na ya 3 Hijria wanalugha wa Basra walikuwa wakiwatafuta mabedui ili kuandika mashairi ya zama za kabla ya Uislamu kabla wenye kuyajua hawajaisha. Al-Asma'i alipata jina kwa kazi hiyo. Bila mashairi yale wafasiri wangekosa ushahidi wa maneno mengi ya Kiarabu cha kale. Kagame aliifanya kazi ya aina ileile, karibu peke yake.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kuandika tu. Ibisigo ni migumu hata kwa Mnyarwanda aliyezaliwa na lugha yake. Mshairi halitaji jambo kwa jina lake. Analizunguka: anataja neno lenye maana ya karibu, au neno linalofanana nalo kwa sauti tu, au kitu kinachoambatana nalo, na msikilizaji mjuzi anafika mwenyewe. Wanaosoma balagha watakumbuka tauria, neno moja lenye maana mbili, ya karibu na ya mbali, na aliyekusudiwa ni ya mbali. Kagame alizipanga mbinu hizi na kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya mashairi ya ukoo wa kifalme, kilichoandikwa kwa Kifaransa. Humo ameeleza pia mapokeo ya ikulu kwamba aliyeiweka sanaa hiyo katika umbo lake ni mwanamke, Nyirarumaga, mama wa kifalme wa Ruganzu Ndori. Nadhani jambo hili lingetajwa zaidi darasani, wengi wetu tungeacha kudhani kwamba elimu ya kale ilikuwa ya wanaume peke yao.

Alikuwa mwandishi wa Kinyarwanda kabla ya kuwa wa Kifaransa. Alihariri gazeti la Kinyamateka la Kabgayi, na mwaka 1943 akatoa kitabu cha kwanza cha Inganji Karinga, historia ya Rwanda iliyopewa jina la Karinga, ngoma ya ufalme. Alitunga utenzi mrefu sana juu ya uumbaji kwa mtindo wa mashairi ya ng'ombe wa kifalme. Tukiomba radhi kwa wasomaji wetu, tutaje pia kwamba shairi lake lililochekesha watu zaidi, Indyohesha-birayi la mwaka 1949, linamsifu nguruwe. Hata asiyemla anaweza kucheka: alichukua lugha ya heshima kuu ambayo kwayo Wanyarwanda waliwasifu ng'ombe wao, akamvika mnyama ambaye hakuna umusizi aliyewahi kumtazama mara mbili.

Mwaka 1950 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingizwa katika taasisi ya kifalme ya Ubelgiji ya elimu za makoloni. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu sheria na mpango wa utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni, na mwaka huohuo akahamishiwa Roma. Wengi wameona hapo mkono wa watawala wa Kibelgiji, maana padri anayeonyesha kwamba nchi ilikuwa na katiba yake kabla hawajafika hakuwa mtu wa kufurahisha. Kama walikusudia kumnyamazisha, walikosea mahali pa kumpeleka. Katika Chuo Kikuu cha Gregoriana alikaa tena na Aristoto, na mwaka 1955 akapata udaktari wa falsafa.

Tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1956, ndiyo inayosomwa hata leo kwenye vyuo vya mbali. Aristoto alikuwa amevigawa vilivyopo katika makundi kumi. Kagame hakuwauliza Wanyarwanda wanafikiri nini. Aliiuliza sarufi yao. Akaona majina yote ya Kinyarwanda yanarudi kwenye shina moja, ntu, kwa viambishi vinne: umuntu, kiumbe mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Msemaji wa Kiswahili anaona ndugu zake hapo bila kuonyeshwa, kwani mtu na kitu ni maneno yaleyale, na kiambishi cha ahantu ndicho pa yetu. Makundi kumi ya Mgiriki yakaingia katika manne.

Swali alilolifufua lilikuwa limewahi kuwaka Baghdad. Katika karne ya 4 Hijria, mbele ya waziri Ibn al-Furat, Matta ibn Yunus alitetea kwamba mantiki ya Wagiriki ni mizani ya watu wote, na mwanasarufi Abu Said al-Sirafi akamjibu kwamba mantiki hiyo imetoka katika lugha ya Wagiriki, basi inamlazimishaje Mwarabu? Wengi waliohudhuria waliona al-Sirafi ameshinda. Kagame, nionavyo, alitaka kusimama katikati yao, akiamini kwamba akili ni moja lakini kila lugha inaionyesha kwa mlango wake. Ni mahali pagumu kusimama. Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baadaye, Paulin Hountondji wa Benin akiwa mmojawapo, walimwambia kwamba sarufi ya watu si falsafa yao, na kwamba aliyefalsafu pale ni Kagame mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haimpunguzii heshima.

Kuna nukta moja katika kitabu hicho ambayo mwanafunzi wa tauhidi asiipite. Kagame alisema kwamba katika Kinyarwanda kitenzi cha kuwa hakisimami peke yake. Ukisema tu kwamba wewe u, msikilizaji atasubiri: u nani, u wapi? Kusema kwamba kitu kipo, lugha inataka kiungo cha mahali. Kiswahili ni hivyohivyo. Tunasema Mungu yupo, na hiyo po ni ya mahali, ilhali wanazuoni wa ilmul-kalam wameandika majuzuu kueleza kwamba kuwapo kwa Allah si kama kuwapo kwa viumbe mahali. Al-Farabi alikwisha kuihangaikia shida ya namna hii, alipoona Kiarabu hakina kitenzi kama kile cha Wagiriki. Kagame kwa upande wake alimweka Mungu nje ya makundi yote manne: Yeye si ntu, Yeye ametangulia.

Alirudi Rwanda mwaka 1958, akaikuta nchi inapasuka. Rudahigwa alifariki ghafla Julai 1959, Novemba ya mwaka huo damu ikamwagika, na mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Ngoma ya Karinga haikuonekana tena hadharani. Na hapa lazima tuseme la haki juu ya kazi yake. Wengi waliomsomea Kagame walikuwa watu wa ikulu, na historia aliyoiandika ni historia kama ikulu ilivyopenda kusimuliwa: wafalme wanashinda, nchi inapanuka, watawaliwa wanaonekana kwa mbali. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, alikusanya visa kwa watu wengi wa nje ya ikulu, akaonyesha kwamba sura inabadilika. Alipinga pia tarehe. Kagame alihesabu takriban miaka 33 kwa kila kizazi cha wafalme na hivyo kuurudisha mwanzo wa ukoo nyuma sana, Vansina aliufupisha. Ugomvi huo haukuwa wa vitabuni tu. Nani alifika lini na nani alimtawala nani ni maswali ambayo Rwanda imeyalipia kwa roho za watu, na mwanafunzi anayefungua kitabu cha Kagame leo anatakiwa kukisoma kama tunavyofundishwa kusoma habari yoyote: nani ameisimulia, kaipokea kwa nani, na alikuwa na haja gani nayo.

Lakini ili tumkosoe hivyo, ilibidi kwanza awepo wa kuandika. Na tofauti na wengi, hakukimbia nchi wala hakuacha kazi. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa walimu wake, na alifundisha pia Lubumbashi. Miaka ya 1970 ilimkuta bado anatoa vitabu: mihtasari miwili ya historia ya Rwanda mwaka 1972 na 1975, na mwaka 1976 kitabu kilichoipeleka hoja yake ya ntu katika lugha za Kibantu kwa jumla. Aliitwa pia katika kamati ya UNESCO iliyosimamia kuandikwa kwa Historia Kuu ya Afrika, mradi uliokubali kwamba yaliyohifadhiwa kwa ulimi ni ushahidi wa historia kama yalivyo maandishi.

Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, mwezi wa Safar mwaka 1402 Hijria, akiwa na umri wa miaka 69. Anayetaka kusoma ibisigo leo bado anaanza na maandiko yake, kamusi pembeni, na mara nyingi ni maelezo ya Kagame yanayomwambia kwamba neno alilodhani ni la mto lilikuwa linamtaja mfalme.