Bibi Emily Ruete (1844–1924) na Mirathi ya Seyyid Said

Katika kitabu hiki tunawakumbuka waliolilea Kanisa hapa Mpuguso. Bibi huyu hakufika kwetu kamwe. Nimemwekea nafasi kwa sababu kila mzee wa kanisa aliyekaa barazani anajua jinsi shamba la marehemu linavyoweza kutenganisha watoto wa tumbo moja.

Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alitoka Oman akaifanya Unguja makao yake. Kwa maelezo ya binti huyo, alikuwa na mashamba 45, na mikarafuu yake ilitunzwa kwa jasho la watumwa, jambo tusiloweza kulifumbia macho. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akiacha watoto 36. Mirathi ilifuata sheria ya Kiislamu: mjane hupewa sehemu moja ya nane, na katika fungu la watoto mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Mke wake wa ndoa, Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Masuria waliozaa walikuwa huru tangu bwana wao alipofariki, lakini hawakuhesabiwa warithi. Sisi Wanyakyusa, ambao kwa desturi ya zamani ndugu wa marehemu ndiye aliyeshika mashamba na hata wajane, hatuna budi kukiri kwamba Salme, msichana wa miaka 12, alikabidhiwa fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha paundi 5,429. Mama yake alipofariki mwaka 1859, alirithi mashamba matatu zaidi.

Utawala ndio uliokuwa mgumu kugawanyika. Thuwaini alishika Oman, na Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 Barghash aliasi dhidi ya Majid, naye Salme, akiwa na miaka 15, akawa mwandishi wa barua za waasi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, aliamua Unguja ijitegemee, ila iilipe Oman riali 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya gari la abiria la reli lililokokotwa na farasi mjini Hamburg. Alibaki na watoto watatu wadogo, na mamlaka za nchi ile ya Kikristo zikamnyima urithi wa mumewe. Nakiri kwamba hapo kalamu yangu husita.

Alidai basi mafungu yake katika mali ya ndugu zake waliofariki Unguja. Barghash, sasa Sultani, alikataa hata kumwona. Kwa sheria yao, aliyeacha Uislamu hamrithi Mwislamu. Mwezi Agosti 1885 Bismarck alimleta Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Barghash alipokubali madai ya Wajerumani juu ya bara, dai la mjane likawekwa kando. Bara lile ndilo letu: mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa, chini ya himaya iliyopatikana kwa vitisho vile.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Mwaka 1888 alirudi Unguja kudai tena, akaondoka mikono mitupu, kisha akaishi miaka mingi Beirut. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, katika kaburi la ukoo wa mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye.