MAISHA YA TABIBU MUSA BIN MAIMUN NA TAWAKALI YAKE

Abu Imran Musa bin Maimun amezaliwa katika mji wa Qurtuba, nchi ya Andalusi, mwaka 1138, na wako wasemao kuwa ni 1135. Wazungu humwita Maimonides. Alikuwa Myahudi, na katika dini hiyo amezaliwa na katika dini hiyo amekufa. Baba yake, Maimun, alikuwa kadhi wa Mayahudi wa Qurtuba, naye ndiye aliyemsomesha Taurati na sharia zao. Ama elimu ya nyota, na hisabu, na falsafa, aliipata katika vitabu vya Kiarabu na kwa wanafunzi wa wanavyuoni wa Kiislamu, kwani Andalusi siku zile ilikuwa bahari ya elimu. Ibn Rushd, mwanafalsafa mashuhuri, naye ni mzaliwa wa mji uo huo, amemtangulia kwa miaka 12.

Mwaka 1148, naye Musa ni mtoto, Muwahhidun walitoka Maghrib wakaingia Qurtuba. Mfalme wao, Abdul-Mu'min, aliiondoa ile dhimma waliyokuwa nayo Mayahudi na Manasara tangu zamani, akawataka wasilimu au wahame, na asiyefanya moja katika haya mawili basi roho yake imo hatarini. Jambo hili lilikhalifu mwendo wa makhalifa waliotangulia, waliowapokea Ahlul-Kitabu kwa jizya na kuwapa amani. Mzee Maimun akachukua jamaa zake akatoka, wakawa wakihama mji baada ya mji katika Andalusi kwa muda wa miaka mingi. Kiasi cha mwaka 1160 wakafika Fas. Ni ajabu kuwa walikwenda huko, kwani Fas nayo ilikuwa chini ya mkono wa Muwahhidun. Lakini yumkini mtu hujificha zaidi mahali asipojulikana.

Huko Fas, Musa akaandika risala kwa Mayahudi waliotamka Uislamu kwa ulimi kwa khofu ya upanga, na nyoyo zao hazimo. Mwanachuoni mmoja wa kwao alikuwa amewaambia kuwa sala zao za siri hazina faida tena. Musa akampinga. Akawaambia wasikate tamaa, na kwamba Mwenyezi Mungu hapotezi tendo jema hata likiwa dogo. Lakini mtu asikae katika nchi asiyoweza kuishika dini yake, bali aache nyumba na mali atoke, amtegemee Mola wake. Je, yeye mwenyewe alitamka kwa ulimi kama wenziwe? Wanataarikhi wamekhitalifiana katika hilo.

Aliyowaambia watu akayafanya. Katika mwezi wa Aprili 1165 yeye na baba yake na nduguye Daudi walipanda jahazi kuelekea mashariki. Siku ya sita ya safari bahari ikachafuka, mawimbi yakawa kama milima, na watu wakakata tamaa ya kuishi. Musa akaweka nadhiri kuwa akiokoka ataifunga siku ile killa mwaka maisha yake yote, na siku hiyo atajitenga na watu akae peke yake na Mola wake, kama alivyokuwa baharini hana wa kumtegemea illa Yeye. Baada ya siku 28 za safari wakashuka Akka. Shamu ya pwani wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wafaranji. Akazuru Baitul-Muqaddas, na mji wa Khalil lilipo kaburi la Nabii Ibrahim, kisha wakashika njia ya Misri wakakaa Fustat, mji wa zamani ulio kando ya Cairo. Haukupita muda mrefu baba yao akafa.

Misri ndipo alipopata utulivu. Mwaka 1168 akamaliza sharhi yake kubwa ya sharia za Kiyahudi, aliyoianza akiwa na umri wa miaka 23 na sehemu zake nyingine kuziandika njiani na juu ya jahazi. Yeye alisoma na kuandika, na Daudi alifanya biashara ya johari akawalisha wote. Musa hakukubali kabisa kula mkate kwa njia ya dini. Aliona ni aibu mwanachuoni kuifanya elimu yake ya sharia kuwa duka.

Watu wa pwani waijuao bahari na misimu yake watafahamu yaliyofuata. Daudi alisafiri kwa mto Naili mpaka Qus, kisha akakata jangwa kwenda Aidhab, bandari ya Bahari ya Sham walipokuwa wakipandia wafanya biashara wa Bara Hindi na mahujaji. Aliachana na msafara akapita jangwani na mwenziwe mmoja tu, jambo ambalo hapana mtu mwenye akili alifanyalo, akasalimika. Na wale waliokuwa katika msafara wakanyang'anywa, na wengine wakafa. Alipofika Aidhab hakuona cha kununua ila nili. Basi akamwandikia nduguye waraka, kuwa ameazimu kuendelea kwa jahazi mpaka Hindi, na kwamba Yule aliyemwokoa nchi kavu atamwokoa na baharini, na amtulize mkewe asifanye khofu. Waraka huo ulihifadhiwa katika ghala ya hekalu la kale la Mayahudi wa Fustat, na leo umo katika maktaba ya chuo kikuu cha Cambridge.

Daudi akafa maji katika Bahari ya Hindi, na pamoja naye ikazama mali yake, na ya Musa, na amana za watu. Aliacha mjane na binti mdogo mikononi mwa Musa.

Musa alianguka kitandani kwa homa na majipu, akalala karibu mwaka mzima akikaribia kufa. Kiasi cha miaka minane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Akka kuwa bado hajafarijika. Killa auonapo mwandiko wa Daudi au kitabu chake, moyo humpinduka na huzuni humrudia. Daudi alikuwa mdogo wake, amekulia magotini pake, na alikuwa mwanafunzi wake.

Wako watu ambao msiba wa namna hii huwatoa katika imani, hasa kwa kuwa yule aliyezama alikuwa ametawakali kwa maneno yaliyo wazi. Musa hakutoka. Alipoinuka alichukua utabibu kuwa kazi ya kumpa chakula yeye na wale mayatima, na katika miaka iyo hiyo akaandika kitabu chake cha sharia chenye juzuu 14. Kisha, karibu na mwaka 1190, akatoa Dalalatul-Hairin kwa lugha ya Kiarabu, cha kuwaongoza waliotahayari. Ndani yake amemtaja Ayyub kwa urefu. Amesema kuwa Ayyub mwanzo alimjua Mwenyezi Mungu kwa kusikia tu, kama wajuavyo watu wote, ndiyo akadhani kuwa kheri ni afya, na mali, na watoto; alipomjua kwa yakini akaona kuwa kheri ya kweli ni kule kumjua, na hapana msiba unaoweza kuitia dosari. Waislamu hawamfuati katika kumdhania Ayyub upungufu, kwani ni Mtume. Lakini asomaye mlango huo naye akiijua khabari ya Daudi, hataona taabu kujua ni msiba wa nani uliokuwa moyoni mwa mwandishi.

Salahuddin alipoitawala Misri, waziri wake Al-Kadhi Al-Fadhil alimchagua Musa kuwa tabibu wake, na baadaye akawa tabibu wa Al-Malik Al-Afdhal, mwana wa Salahuddin. Al-Qifti amesimulia kuwa alitokea mtu wa Andalusi akamshitaki kuwa alisilimu kule Maghrib kisha akartadi, na hukumu ya jambo hilo inajulikana. Al-Fadhil akaikataa da'wa ile, akahukumu kuwa mtu aliyelazimishwa Uislamu wake haukusihi kwa sharia. Basi Musa, aliyefukuzwa kwao na watawala Waislamu, aliokolewa na kadhi wa Kiislamu kwa sharia ya Kiislamu.

Yeye naye alikuwa na pande mbili. Katika risala aliyowapelekea Mayahudi wa Yaman mwaka 1172, walipodhulumiwa na Abdun-Nabi bin Mahdi, mna maneno makali juu ya Waislamu. Lakini mtu mmoja aliyeingia dini ya Kiyahudi alipomwuliza kama Waislamu ni waabudu masanamu, kama alivyoambiwa na mwalimu wake, Musa alimkatalia kwa nguvu, akamwambia kuwa wao wanampwekesha Mwenyezi Mungu tauhidi iliyo sawa isiyo na ila.

Mwaka 1199 alimweleza mwanachuoni wa Ufaransa jinsi siku zake zilivyo. Killa asubuhi hupanda mnyama wake akenda Cairo kuwatazama wagonjwa wa nyumba ya Sultani, na hurudi Fustat baada ya adhuhuri naye ana njaa. Hukuta baraza imejaa watu, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa na wadogo, rafiki na adui. Hunawa mikono, huwaomba wamngoje ale kidogo, nacho ndicho chakula chake cha mchana na usiku, kisha huwatibu mpaka usiku uingie, hata husema nao naye amelala chali kwa uchovu.

Alikufa tarehe 13 Desemba 1204, sawa na mwaka 601 wa Hijra, naye akazikwa Tabariya katika nchi ya Shamu, na kaburi lake huzuriwa hata leo. Mwanawe wa pekee, Ibrahim, aliyekuwa kijana wa miaka 18, akashika mahali pake katika uraisi wa Mayahudi wa Misri. Huyu Ibrahim naye akawa tabibu, akawasifu masufi wa Kiislamu kwa mwendo wao, na akaandika kwa Kiarabu mlango mzima juu ya tawakali.