Robert Koch na somo la maji yanayochemka

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843, akasomea udaktari. Mwaka 1881, yeye na wenzake walionyesha kuwa mvuke wa maji yanayochemka huua vimelea vizuri kuliko joto kavu. Mwaka 1882 akatangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa ambao leo hutibiwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Enzi za Wajerumani alifika hata nchini mwetu kuchunguza malaria. Alifariki mwaka 1910.

Mzazi, somo lake litumie jikoni. Barakoa ya kitambaa ifue kwa sabuni kila siku, ichemshe dakika moja, iache ikauke kabisa. Kuianika tu hakutoshi. Ile ya kutumia mara moja usiichemshe, itupe.