Uledi, Mshika Usukani

Mwaka 1874 Stanley alitoka Unguja na wapagazi wengi kwenda kuyaona maziwa makubwa ya bara. Katika watu hao alikuwamo Uledi. Wapagazi walichukua mashua ya mbao, urefu wake futi 40, iliyogawanyika vipande 5. Jina lake lilikuwa Lady Alice.

Mwezi wa Juni 1875 watu walivuka ziwa Nyanza kwa mitumbwi waliyoazima Bukerewe, nayo ilikuwa mibovu. Usiku mitumbwi 5 ilizama. Watu walipiga kelele gizani, na mashua ikaenda huku na huku kuwaokota. Bunduki na nafaka zilipotea, lakini hakufa mtu. Mwaka uliofuata mashua hiyo ilizunguka ziwa Tanganyika kwa siku 51.

Tarehe 27 Oktoba 1876 msafara ulifika Nyangwe, penye soko kubwa ukingoni mwa Lualaba. Tarehe 5 Novemba ulitoka kuufuata mto. Katika safari hiyo Uledi ndiye aliyeshika usukani wa mashua.

Mwezi wa Januari 1877 mtumbwi ulivunjika penye maporomoko ya maji. Mtu mmoja, Zaidi, alishika mwamba katikati ya mto. Wengi waliogopa. Uledi na mwenzake Marzouk waliingia katika mtumbwi uliofungwa kamba, wakamwendea. Kamba zilikatika, wakalala wote watatu katikati ya maji. Siku ya pili waliokolewa.

Tarehe 3 Juni 1877 Uledi aliyatazama maporomoko mengine, akaona mtumbwi hauwezi kupita. Mzungu Frank Pocock, ambaye hakuweza kutembea kwa vidonda vya miguu, hakusikia shauri lake. Mtumbwi ulipinduka, na Pocock akafa maji. Uledi alijaribu kumwokoa, asiweze.

Watu 13 waliokolewa na Uledi katika safari ile. Lakini hata mtu hodari huanguka. Siku za njaa, aliiba shanga, ambazo ndizo zilizonunua chakula cha wote. Wakubwa wa msafara walimhukumu apigwe viboko. Hapo ndugu yake Shumari akajitoa apigwe nusu ya viboko, na jamaa yake Saywa akaitaka nusu ya pili. Stanley alipoona hivyo, aliwasamehe wote.

Mwisho wa Julai mashua iliachwa juu ya miamba ya Isangila, na watu wakaenda kwa miguu. Tarehe 9 Agosti 1877 walifika Boma, wamekonda sana. Kutoka pwani walirudishwa Unguja kwa meli, wakafika mwezi wa Novemba.

Mashua ya Uledi iliachwa ioze, lakini wema hauozi. Siku alipokosa, waliosimama mbele yake walikuwa ndugu zake waliovuta makasia pamoja naye.